Aliyefungiwa Maisha

Jumapili hiyo Noreen Hedley alifungua baa ya Nanga Kavu saa sita mchana kama ilivyo desturi, akageuza kibao cha mlangoni, akarudi jikoni kuangalia nyama. Mapande ya ng'ombe yalikuwa yameshatoka kwenye oveni na kufunikwa ili yatulie kabla ya kukatwa. Viazi vilikuwa vinachukua rangi kwenye mafuta, na vile vikombe vya unga na mayai wanavyoviita Yorkshire vilikuwa vimevimba mpaka vinagusa trei ya juu. Kwenye kaunta mumewe, Colin, alikuwa anavuta bia ya kwanza ya pipa jipya na kuionja. Wateja wakaanza kuingia, wakafuta viatu, wakatundika makoti yaliyolowa, wakakaa kwenye viti vyao vya siku zote. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila Colin hakuacha kutazama mlango.

Nyuma ya kundi hilo aliingia Wilf Stobbart, ambaye alikuwa amekufa tangu Februari. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Alifuta viatu kwa muda mrefu kuliko wenzake, kwa kuwa udongo wa makaburi ya mtaa wetu wa Walker ni mfinyanzi na haubanduki upesi, kisha akaenda kaunta.

"Nyama ya ng'ombe, Colin," alisema. "Na painti ya ile bia nyeusi. Rojo usinibanie."

Colin alishika bilauri kwa mkono wa kulia na mpini wa bomba kwa wa kushoto, akajaza, povu likamfurika vidoleni. Wilf alishukuru, akatafuta pa kukaa. Jumapili ya kwanza alikaa kule mwisho kabisa, karibu na choo. Kila mwezi uliofuata alisogea meza moja mbele. Sasa ilibaki moja tu, ile iliyoegemea kaunta, na akakaa hapo.

Anayetaka kuelewa kwa nini mtu mzima kama Colin atetemeke mbele ya mteja anayeagiza chakula cha mchana, lazima aelezwe habari za liki. Mtaa wetu uko ukingoni mwa mto Tyne, upande wa mashariki wa jiji la Newcastle, na wanaume wa hapa, tangu viwanda vya meli vilipokuwa vinanguruma mpaka vilipofungwa, hupanda liki katika vishamba vya kukodi nyuma ya reli. Ni mboga ya ukoo wa kitunguu, shina jeupe na majani ya kijani, ambayo kwingine duniani watu huikatakata kwenye supu bila kuifikiria. Hapa huilisha bia. Huilisha sukari guru na vinyesi vya kondoo kwa vipimo ambavyo baba humnong'oneza mwanawe akikaribia kufa. Kuna wanaume hapa ambao hawajamwambia mke neno tamu tangu harusini, lakini baridi ikitisha hutoka na blanketi kwenda kufunika liki.

Kila Septemba liki hupangwa mbilimbili kwenye meza za chumba cha nyuma cha Nanga Kavu, na jaji kutoka mji mwingine huja na utepe wake kupima unene. Siku inayofuata zote huingia sufuriani na mtaa mzima hunywa supu. Ni jambo la furaha, isipokuwa kwa mkesha wake. Mkesha wa mashindano ndipo mtu mwenye roho mbaya huweza kuingia kishambani kwa mwenzake na kisu. Mtaani kwetu mke akitoroka na jirani watu husema pole, wakaendelea na vinywaji vyao. Liki zikikatwa, huitishwa kikao.

Miaka michache nyuma, mkesha wa mashindano, liki za Colin zilikatwa zote. Colin alisema alimwona Wilf karibu na geti lake. Wilf alisema ndiyo, alipita hapo, alikuwa anakwenda kufunika za kwake. Wilf ndiye aliyekuwa anatazamiwa kushinda mwaka huo, na watu waliokuwa wamechoka kumwona anashinda hawakuuliza swali la pili. Liki zake ziliondolewa mezani. Kisha Noreen, ambaye leseni ya baa imeandikwa jina lake na kwa hiyo ndiye peke yake mwenye mamlaka ya kumzuia mtu asikanyage humo, alisimama kaunta mbele ya watu wote akasema, "Wilf Stobbart, nimekufungia. Maisha."

Baa za mtaa huu zina mapatano. Ukifungiwa moja, umefungiwa zote. Wilf alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka kiwanda kilipofungwa, na mjane tangu kabla ya hapo. Chakula chake cha moto cha wiki kilikuwa cha Jumapili, Nanga Kavu, na mazungumzo yake ya wiki yalikuwa hayohayo. Baada ya hapo alikula maharage ya kopo ndani ya kibanda cha kishamba chake na kuongea na redio. Februari, baridi ikiwa kali, walimkuta humo amekufa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati tupu mwilini, blanketi lake likiwa nje juu ya miche. Mtaa ulisikitika sana. Nanga Kavu ilipeleka shada la maua, tena kubwa.

Jumapili baada ya mazishi alisukuma mlango, akaja kaunta, akaagiza nyama. Noreen alikuwa amebeba sahani mkono mmoja na mwingine.

"Wilf," alisema, "si nilikufungia wewe?"

"Ulinifungia maisha, kipenzi," Wilf alijibu. "Nimeshayamaliza."

Noreen akamgeukia Tommy Purvis, mwenyekiti wa kamati ya liki, ambaye kanuni zote za mtaa huu zimo kichwani mwake. Tommy aliweka bilauri chini, akafikiri, akafuta povu kwenye sharubu.

"Ana hoja," alisema. "Ulisema maisha, Noreen. Hukuongeza kitu."

"Basi mpishe mwenzio akae, Tommy," mtu akasema. "Na nipitishieni chumvi."

Ndivyo Wilf alivyorudi. Hakuwa mteja msumbufu. Alikula taratibu, alisifu viazi, na aliporudisha sahani kaunta ilikuwa imesafishwa vizuri. Tabu ilikuwa liki. Popote alipokaa, liki ziliota. Zilichomoza kwenye zulia akiwa anakata nyama, nyembamba kama nyasi, na alipofika kwenye pudini zilikuwa nene kama mkono wa mchomeleaji. Zilitoka ardhini zikiwa zimeshakatwa. Kila shina lilikuwa na jeraha moja la mshazari, lililoanzia juu kushoto likashuka kulia, refu, la hasira.

Mtu yeyote aliyewahi kushika kisu anajua mkono gani hukata hivyo. Katika wapanda liki wote wa Walker kuna mashoto mmoja tu. Jumapili ile ya kwanza Tommy Purvis aliinama, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye jeraha mpaka mwisho. Kisha akainua kichwa, akautazama mkono wa Colin kwenye mpini wa bomba. Akauangalia kitambo. Halafu akasema inaonekana mvua itarudi, na wenzake wakakubali kwamba mvua itarudi.

Noreen alizing'oa liki zile kwa ndoo, akaziosha, akapika supu. Ilikuwa supu nzuri kupita kiasi. Watu wakaanza kuja kutoka mtaa wa Heaton kwa ajili yake, wakaomba kuongezewa. Ushahidi wote wa kesi hiyo umeliwa na mashahidi wenyewe, kwa mkate na siagi, na sisemi kwa kujitoa. Bakuli langu nililipangusa kwa mkate kama wengine.

Sasa mashindano yalikuwa Jumamosi inayofuata, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa Jumapili hii, jiko likifungwa. Noreen alikuwa ameanza kukata nyama wakati Janice alipoingia. Janice ni binti wa Wilf, anaendesha basi mjini Leeds, na tangu mazishi alikuwa akija kila wiki kumwagilia kishamba cha baba yake. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti lenye maji. Alimbusu baba yake shavuni, akajipangusa udongo midomoni, akaenda moja kwa moja kwa Tommy Purvis na kufungua gazeti.

Zilikuwa liki mbili. Maongezi kwenye meza za karibu yalikatika. Tommy alizishika kwa vidole viwili, kwa adabu, akapumua kwa pua.

"Hizi ni za nani?"

"Za baba. Miche ni yake mwenyewe, aliiotesha Januari. Ziandike kwa jina lake."

"Haiwezekani, Janice."

"Kwa nini? Kwa sababu amekufa?"

"Kufa siyo tatizo," Tommy alisema. "Kanuni ya kamati ni kwamba aliyekata liki za mwenzake hapandi mezani. Haikutaja maisha hiyo. Ya Noreen ilitaja maisha, ya kwetu haikutaja. Lakini sisi tulifuata neno la Noreen. Noreen akisema hakuwa Wilf, naziandika sasa hivi, na kusema kweli," akazitazama tena, "sijui nani atazifikia."

Wilf alikuwa amesikia yote. Aliweka uma chini. Alikuwa mtu asiyependa makelele, na hata sasa alisubiri Noreen alete mboga kwenye meza ya jirani ndipo akamwita.

"Noreen, kipenzi. Njoo mara moja."

Noreen akaja, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Sitaki ugomvi," Wilf alisema. "Sikuja kumchafua mtu. Sema tu kwamba si mimi. Huna haja ya kusema ni nani. Sema si Wilf, basi, nami nitamaliza viazi vyangu, niende nikalale."

Chini ya meza zulia lilianza kuvimba.

"Shangazi Noreen," Janice alisema. Amemwita hivyo tangu utotoni, alipokuwa anakaa kwenye kaunta ileile na kupewa soda. "Maneno mawili tu. Unajua vizuri."

Noreen alijua vizuri. Asubuhi ya mashindano ya mwaka ule, kabla watu hawajaamka, alikuta kisu chake cha kukatia nyama kwenye sinki kikinuka liki, na mabuti ya Colin nyuma ya mlango yana udongo mbichi. Alikwenda mwenyewe kishambani akachukua moja ya zile zilizokatwa, akaipasua. Ndani ilikuwa imeoza mpaka kwenye kiini. Colin alikuwa amezilisha mno, kama wafanyavyo wenye tamaa, na jaji angeziminya kidogo tu, zingemwaga uoza mezani, ndani ya baa yao wenyewe, mbele ya Wilf. Colin alikuwa amejikatia mwenyewe. Noreen alirudi, akaosha kile kisu, akakikausha, akakirudisha kwenye droo. Mchana akamfungia Wilf. Hawakuwahi kulizungumza na mumewe, si siku ile wala siku nyingine, na walilala kitanda kimoja.

Liki zilipita chini ya kaunta. Zilisikika zikipandisha mbao moja baada ya nyingine, kwa mlio wa msumari unaong'oka. Ya kwanza ilitokea kando ya kiatu cha Colin, ya pili katikati ya miguu yake, kisha zikaja kwa pamoja, zikamzunguka mpaka magotini, kila moja na jeraha lake la kushoto. Colin alisimama katikati yake akiwa ameshika kitambaa. Hakuna uma uliokuwa unagonga sahani, hata watoto walikuwa wameacha kupigana mateke chini ya meza.

"Colin," mtu mmoja aliita kwa sauti ndogo, "nikipata nafasi, naomba painti."

"Subiri kidogo, Bert," Colin alisema.

Noreen alimtazama mumewe. Alikuwa anampenda, na hilo halikuwa siri mtaani; walikuwa bado wanashikana mikono sokoni. Alijua kwamba akisema si Wilf, hakuna atakayehitaji kuuliza ni nani, maana jibu lilikuwa limeota mpaka magotini. Alijua kitakachofuata. Hakuna atakayempiga Colin. Watamwacha tu. Wataacha kumjibu akisalimu, bilauri yake haitajazwa popote kuanzia hapa mpaka daraja la mwisho, na mwaka mmoja wa baridi kali mtu atakuja kumwambia wamemkuta amekaa mahali fulani peke yake. Alijua mtaa unavyofanya hivyo, hatua kwa hatua, kwa sababu yeye ndiye aliyeuanzishia.

"Wilf," alisema.

"Naam, kipenzi."

"Nimekufungia."

Wilf alitabasamu kidogo, kama mtu anayekumbushwa utani wa zamani. "Lakini hayo maisha nimeshayamali..."

"Si maisha," Noreen alisema. "Milele."

Watu wakamgeukia Tommy Purvis. Tommy alilitazama dari, akalipindua neno hilo kichwani upande huu na upande ule akitafuta tundu, na kila mtu aliona kwamba alikuwa anatafuta kwa dhati. Mwisho akatikisa kichwa.

"Milele ni milele," alisema. "Pole, Wilf."

"Nyie watu!" Janice alipiga meza, vyombo vikaruka. "Nyie watu mna macho kweli? Tazameni chini! Tazameni miguuni kwake! Tommy, wewe ulishika jeraha kwa kidole chako, baba aliniambia! Semeni basi, hata mmoja! Bert? Hamjui?"

Watu wakatazama sahani. Mama mmoja wa meza ya dirishani, mwenye moyo mwema, alimvutia Janice kiti.

"Kaa, binti yangu, ule kitu. Umetoka mbali, na chakula kinapoa."

Wilf alikuwa ameshasimama. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Hata siku ile alipofungiwa mara ya kwanza alivaa koti akaondoka bila kubishana, na kuna waliosema hiyo ndiyo dalili kwamba kweli alikata. Alichukua sahani yake, yenye nusu kiazi na rojo iliyoanza kuganda, akaipeleka kaunta. Akarudi kuchukua bilauri, akaiweka kando ya sahani, ili Noreen asipate kazi ya kuja kuchukua.

"Bia yako nzuri leo," alimwambia Colin.

"Asante, Wilf," Colin alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mambo yale yatokee. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kaunta, akavuta pumzi, akauliza nani anafuata.

Bert akasema ni yeye.

Mlango ulifungwa taratibu nyuma ya Wilf. Janice alizifunga liki za baba yake kwenye gazeti, hakukaa, hakula, na hakuna aliyemwona tena Nanga Kavu. Mashindano yalifanyika Jumamosi. Tommy Purvis alichukua nafasi ya kwanza kwa liki ambazo yeye mwenyewe alikiri ni za kawaida, na Colin akawa wa tatu. Mbao za nyuma ya kaunta zilipigiliwa upya na fundi, ambaye hakuuliza zilitoka vipi.

Amri ya Noreen inaishia kizingitini. Njia ya nje ni ya manispaa, na Wilf, ambaye sasa ana muda mwingi, husimama hapo kila Jumapili, nje ya dirisha la pembeni, tangu baa inapofunguliwa mpaka jiko linapofungwa. Huvua kofia watu wakipita. Wavutaji sigara wakitoka humsogelea, humuuliza habari za udongo, naye huwapa ushauri wa mbolea ambao zamani asingempa mtu. Wanasema ni mzee mzuri sana, hana kinyongo. Liki huota kwenye nyufa za lami miguuni pake, zimekatwa vilevile, na Jumatatu gari la manispaa hupita na kuzizoa.

Desemba, siku ya upepo wa kutoka baharini, Noreen alijaza sahani, nyama na viazi na kila kitu, akaitoa nje chini ya mfuniko. Wavutaji sigara walikuwa wamerudi ndani kwa baridi. Hapakuwa na mtu njiani. Alimpa Wilf sahani na uma, akasimama karibu naye, mikono chini ya aproni.

"Najua hukuwa wewe, Wilf," alisema. "Nimejua tangu asubuhi ileile."

Wilf alitafuna kwanza mpaka akameza.

"Najua unajua, kipenzi," alisema. "Waambie wao."

Noreen aligeuka, akatazama dirishani. Ndani kulikuwa kumejaa, watu wamekaa bega kwa bega chini ya taa, na Colin alikuwa anacheka kwa jambo ambalo mtu alimwambia. Mtu wa meza ya karibu alimwona, akanyanyua kibakuli chake kitupu kumwonyesha kwamba rojo imeisha. Noreen akamwashiria kwamba anakuja, akamwambia Wilf ale kabla haijapoa, akaingia ndani.